Mbwa Aliyemsikiliza Siti

Nilikuwa natafuta hati ya nyumba, nikapata mbwa.

Ilikuwa mwezi wa Shaaban. Nyumba ya Nyanya pale Kibokoni ilikuwa inasafishwa kabla ya Ramadhani, na mimi nikapewa kazi ya sanduku la mti ambalo halikuwa limefunguliwa tangu Babu afariki. Juu kulikuwa na kanzu, chini yake risiti za maji za miaka ya sabini, na chini kabisa, ndani ya leso iliyopauka, santuri moja nyeusi, nzito, yenye ufa mdogo ukingoni. Kwenye karatasi ya duara katikati yake palikuwa na picha ya mbwa mweupe amekaa mbele ya pembe ya gramafoni, kichwa amekipinda upande, anasikiliza. Ila huyu wetu hakuwa na uso. Mtu alikuwa amemkwaruza kwa kitu chenye ncha, msumari labda, akamwachia mwili na mkia na sikio moja nusu.

Nilimpiga picha kwa simu hata kabla ya kufikiri. Maneno ya kuweka chini ya picha yalikuwa yameshajiandika kichwani: Mji wa Kale wamkataa mbwa wa mkoloni. Ingependwa, si uongo. Bahati mbaya, usiku huo nikaanza kusoma kuhusu mbwa mwenyewe, na kila nilichosoma kikazidi kuniharibia maneno yangu mazuri.

Kwanza, mbwa ana jina. Anaitwa Nipper, alizaliwa 1884 mjini Bristol, Uingereza, na jina alipewa kwa tabia yake ya kuwauma wageni miguu kwa nyuma. Pili, ile haikuwa nembo iliyochorwa na fundi wa matangazo. Ilikuwa picha ya rangi za mafuta juu ya turubai, imechorwa na msanii wa London, Francis Barraud, Malkia Victoria akiwa bado hai. Yaani zile picha za mbwa za Kiingereza za kale, ambazo leo zinapigwa mnada kwa pesa nyingi na kuning'inizwa juu ya meko za matajiri, moja wao ilipita forodha ya Mombasa, ikaingia mitaani kwetu, ikakaa ndani ya masanduku ya mti, na hakuna aliyeiita sanaa. Nakala tu, ndiyo, ndogo kuliko kiganja. Lakini ni yeye.

Waingereza wa wakati ule walikuwa na wazimu wa mbwa, sina neno jingine. Maonyesho ya kwanza ya kushindanisha mbwa yalifanyika Newcastle mwaka 1859. Mwaka uliofuata London ikapata nyumba ya kulea mbwa waliopotea, ile iliyokuja kujulikana kwa jina la Battersea. Mwaka 1873 kikaundwa chama cha kuandika nasaba za mbwa, nani kazaa nani, kama masharifu. Na kila aliyekuwa na mbwa na pesa alimtaka mchoraji. Malkia mwenyewe alitangulia. Mbwa wake wa utotoni, Dash, alichorwa na Edwin Landseer mwaka 1836, na miaka michache baadaye Landseer huyo huyo akamchora Eos, mbwa mwembamba mweusi wa mume wa Malkia. Landseer alikuwa fundi kweli kweli. Angeweza kukuchorea unyevu wa pua ya mbwa ukaona kama ukiigusa utalowa kidole. Ndiye pia aliyetengeneza wale simba wanne wa Trafalgar Square, ambao kila Mkenya aliyefika London ana picha nao.

Ila picha yake inayotuhusu sisi ni ya 1837, ya mbwa wa mchungaji mzee. Chumba ni cha kimaskini, jeneza limefunikwa blanketi, mbwa ameegemeza kidevu juu yake. Basi. Hakuna binadamu pale. Mwenyewe amekufa, na aliyebaki kumlilia ni mbwa peke yake. Watu waliitazama wakatoa machozi, na nakala zilizochapwa zikaingia nyumba ambazo hazingeweza kununua hata fremu ya picha halisi. Hapo ndipo mbwa wa picha za Kiingereza alipopewa kazi yake kubwa, nayo ni kumpenda bwana wake hata baada ya kufa. Hakuchorwa akiiba nyama wala akikimbiza paka wa jirani. Alichorwa akingoja.

Barraud alikulia ndani ya mtindo huo. Mbwa Nipper hakuwa wake bali wa kaka yake, Mark, aliyekuwa akichora mandhari za jukwaani huko Bristol. Mark alifariki 1887 na mbwa akabaki kwa ndugu. Kwa mujibu wa Francis, mbwa alikuwa akikaa mbele ya fonografu, ile mashine ya mwanzo ya silinda za nta, na kuikodolea macho akijaribu kujua sauti inatoka wapi. Nipper akafa Septemba 1895. Miaka kama mitatu baadaye msanii akaikumbuka sura ile, akaichora.

Hekaya iliyozunguka dunia nzima inasema sauti aliyokuwa akiisikiliza mbwa ni ya Mark, marehemu, na kwamba ule ubao unaong'aa aliokalia ni jeneza. Ya jeneza haina ushahidi, na mwaka 1887 mashine hizo zilikuwa adimu mno mikononi mwa watu wa kawaida, kwa hivyo na ya sauti ina mashaka. Lakini unaona kwa nini watu waliiamini. Walikuwa wameshaiona ile picha ya Landseer. Akili zao zilikuwa tayari na jeneza, zikalitia pale lisipokuwepo.

Sasa sikiza ujanja wa biashara. Barraud aliipeleka picha kwa watengenezaji wa fonografu za silinda, wakamkatalia kwamba mbwa hawasikilizi fonografu. Mwaka 1899 akaenda kwenye ofisi za kampuni nyingine, Gramophone Company, si kuuza picha bali kuazima pembe ya shaba, kwa sababu pembe nyeusi aliyoichora ilikuwa imepooza. Meneja akaitazama picha, akamwambia futa hiyo mashine, chora ya kwetu, tutainunua. Akafuta. Alilipwa pauni 50 kwa picha na pauni 50 nyingine kwa haki ya kuitumia, na maisha yake yaliyobaki akawa anaichora upya picha ile ile kwa agizo la kampuni, nakala 24 kabla ya kufa kwake 1924. Ukiitazama ile ya kwanza mwanga ukiipiga upande, mashine ya zamani bado inaonekana chini ya rangi.

Hapo pana jambo limenikalia kichwani. Fonografu ya silinda ilikuwa inarekodi na kucheza. Mtu angeweza kukaa nyumbani kwake, akasema neno, na mashine ikamrudishia. Kwa hivyo picha ya kwanza ilikuwa na maana: mbwa anaweza kweli kuisikia sauti ya bwana wake. Gramafoni ya sahani haikuwa hivyo. Ilicheza tu kile ambacho kampuni imekuuzia. Barraud alipobadilisha mashine aliacha jina la picha, Sauti ya Bwana Wake, lakini ile sauti ya mtu wa nyumbani ikawa haiwezekani tena. Bwana aliyebaki ndani ya pembe ni kampuni.

Na neno bwana kwetu halikuwa neno jepesi. Nipper alikufa miezi michache tu baada ya Uingereza kutangaza himaya yake hapa, Julai 1895. Mwaka huo huo Ngome ya Yesu ikageuzwa jela, na uliofuata reli ikaanza kutoka Mombasa kwenda bara. Bwana D.C., bwana mkubwa, bwana shauri. Utani wa lugha nao haukwepeki: ongeza herufi moja mbele ya bwana upate Mbwana, jina la mtu mzima, mzee wa heshima, punguza mwishoni upate mbwa. (Rafiki yangu anaitwa Mbwana. Ameshausikia utani huu tangu darasa la kwanza, na ameniomba nisiuandike.)

Kabla ya mbwa, sahani za kampuni ile zilikuwa na nembo nyingine: malaika. Malaika aliyekaa juu ya sahani, ana mabawa, ameshika kalamu, anaandika sauti kwa unyoya. Ilitumika tangu 1898. Halafu, 1909, kampuni ikaanza kumweka mbwa kwenye karatasi za santuri, na malaika akaondoka.

Niliposoma hilo nilicheka peke yangu usiku wa manane. Mtoto yeyote aliyesoma chuo Mombasa, hata kama alikuwa akisinzia kama mimi, anajua hadithi ya Mtume kwamba malaika hawaingii nyumba yenye mbwa wala yenye picha. Hii hapa ni picha, na ni ya mbwa, na aliyetolewa ili aingie ni malaika. Ungeambiwa umetungiwa ungekataa.

Basi swali likawa jingine. Ikiwa nembo ile ilikuwa nzito kiasi hicho, iliwezaje kuingia? Maana iliingia, tena kwa wingi. Jibu langu ni kwamba watu hawakununua mbwa. Walinunua Siti.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, na jina alilopewa na wazazi lilikuwa Mtumwa. Si lakabu, ni jina. Wazazi wake walitoka tabaka la watumwa, na utumwa Unguja ulikuwa bado halali. Ulifutwa kisheria 1897, na huku kwetu pwani ya Kenya ukangoja hadi 1907. Alikuwa akifinyanga na kuuza vyungu, akiimba njiani kuita wateja. Mwaka 1911 akahamia mjini, akajifunza, akaingia kwenye taarabu iliyokuwa ikiimbwa kwa Kiarabu mbele ya masultani, akaileta kwenye Kiswahili. Siti ni jina alilopewa baadaye kwa heshima. Maana yake bibi, mwanamke wa cheo. Shaaban Robert aliona maisha yale yanastahili kitabu, akaandika wasifu wake.

Mwaka 1928 yeye na wenzake walipanda meli hadi Bombay kurekodiwa na kampuni ya mbwa. Mara nyingi hutajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kuwekwa kwenye santuri. Pamoja naye walikuwa Subeti bin Ambar, Budda bin Mwendo, Maalim Shaaban, na Mbaruk Talsam, huyu akiwa kipofu na asili yake ni hapa hapa Mombasa. Rekodi zilipokuja mjini zilikuja na sauti ya watu wanaojulikana, wakiimba lugha ya mtaa, kuhusu mambo ya mtaa: wizi, hila za wenye mali, mapenzi, hakimu aliyehukumu na asiyehukumu. Wafanyabiashara Wahindi waliziuza, mikahawa ikazicheza, na yule asiyekuwa na gramafoni alisimama chini ya dirisha la aliyekuwa nayo. Vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba kiasi kwamba gramafoni moja ghorofani ingehudumia majirani pande zote mbili.

Hebu iweke picha hii yote pamoja. Mwanamke aliyezaliwa akaitwa Mtumwa anaimba. Juu ya sauti yake pamebandikwa maneno ya Kiingereza yanayosema hii ni sauti ya bwana wake. Na chini ya maneno, mbwa wa nasaba ya Landseer, aliyefunzwa na miaka sitini ya picha kumngoja bwana aliyekufa, amekaa kimya anamsikiliza nani? Anamsikiliza Siti. Kampuni haikukusudia hivyo, lakini ndivyo ilivyochapwa, sahani kwa sahani. Mimi nadhani hakuna mchoro wa mbwa wa zama zile ulioishia mahali pa ajabu kuliko huu, na nimeitazama mingi sasa, mpaka simu yangu inanitangazia chakula cha mbwa.

Wenye elimu yao hawakunyamaza kuhusu vitu vya Kizungu kwa jumla. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha gazeti lake dogo, Sahifa, hapa Mombasa mwaka 1930, akafuatiza Al-Islah mwaka 1932, na ndani yake aliwakemea vijana kwa kuiga Wazungu bila kuchuja. Mchujo ndio hasa, si kukataa kila kitu; gazeti lenyewe lilikuwa chombo cha kuazima. Na ukienda kwenye fiqhi ya Shafi'i tuliyoifuata pwani, unajisi wa mbwa ni wa mwilini, ule ute na unyevu, ndio maana chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Karatasi haina ute. Suala la picha ni mlango mwingine, na maulamaa wana maneno yao humo. Tena tusisahau kwamba mbwa mmoja ametajwa kwa wema ndani ya Qur'ani, yule wa watu wa pangoni, katika Surat al-Kahf ambayo wengi husoma kila Ijumaa: vijana wamelala miaka na miaka, na mbwa wao kizingitini amenyoosha miguu yake ya mbele. Naye anangoja. Sijui kama mzee yeyote wa Kibokoni alipata kumtazama Nipper akamkumbuka yule. Mimi nimemkumbuka.

Nikarudi kwa Nyanya na maarifa yangu yote haya. Alikuwa barazani anachambua mchele.

"Kwani hiyo santuri bado iko?" akaniuliza, mato yake kwenye ungo.

"Iko, Nyanya. Nani alimkwaruza mbwa?"

"Kaka yangu. Alokufa Tanga."

"Kwa sababu ya dini?"

Akaniangalia kama mtu anayeangalia mchele wenye mawe. Kisha akanihadithia. Santuri ilikuwa ya baba yake, fundi wa majahazi, mtu wa swala tano na jamaa msikitini, na siku za Alhamisi usiku gramafoni ilizungushwa kwa mkono, sindano ikabadilishwa, Siti akaimba. Kaka yake alikuwa na miaka sita au saba, anasoma chuo. Siku hiyo mwalimu alikuwa amewafundisha ile hadithi ya malaika. Mtoto akarudi nyumbani, akapata hofu, akachukua msumari ili amtoe mbwa malaika waingie. Alianzia usoni. Hakufika mbali.

"Baba alimpiga?"

"Alimpiga kipigo! Si kwa mbwa. Kwa sahani. Ukikwaruza karatasi si mkono huteleza? Angalia hapo."

Nikaangalia. Ni kweli, kutoka kwenye shingo ya mbwa kuna mstari mrefu unaotoka nje ya karatasi na kuingia kwenye mifereji ya sauti. Mwanzoni nilidhani ni uzee.

Kwa hivyo yale maneno yangu, Mji wa Kale wamkataa mbwa wa mkoloni, niliyafuta. Aliyemkataa alikuwa mtoto mmoja, kwa hofu ya dhati, na aliyemtetea ni baba mcha Mungu, kwa kumpenda Siti. Lakini nilipompigia simu Mama Mkubwa, dada yake Nyanya aliyeko Lamu, akasema la, hakuna habari ya chuo wala malaika. Kaka yao alimkwaruza mbwa kwa sababu walikuwa wakimtania kwamba kichwa chake kimepinda kama cha yule. Wote wawili walikuwepo. Wote wawili wanaapa.

Nimejaribu kutafuta mahali pa kuicheza. Katika mtaa wetu sikupata gramafoni inayofanya kazi. Kuna moja katika duka la vitu vya kale, lakini ni pambo la watalii na haina sindano. Fundi mmoja aliniambia kwa ufa ule nisithubutu, itapasuka. Kwenye karatasi bado yanasomeka maneno "Siti bin", na jina la wimbo limeondoka na uso wa mbwa. Kwa hivyo sijui ni upi. Nyanya alipoulizwa aliguna kidogo, akaimba nusu ya kitu, akasita, akasema huo si wenyewe, akaanza mwingine.

Adhana ya magharibi ikatukatiza, kwanza Mandhry, kisha misikiti mingine ikafuatia kama kawaida, kila mmoja na sekunde zake. Nyanya akainuka, ana udhu wake, akatandika msala pale pale chumbani ambapo nilikuwa nimeiweka santuri juu ya meza nipate kuipiga picha nyingine.

"Mpindue mbwa wako," akasema. "Nataka kuswali."

Nikampindua. Upande wa pili ulikuwa na mbwa mwingine, mzima, uso wake wote, kichwa amekiinamisha. Nyanya hakumwona. Nikamfunika kwa leso.